Namna shule za Marekani zilivyoanza kumwandikia mzazi kwa Kiswahili

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Uvira na Baraka, ni vigumu kukosa familia yenye ndugu aliyefika Marekani kupitia kambi ya wakimbizi. Walikimbia vita vya 1996 au vya 1998, wakaishi miaka kumi, wengine ishirini, huko Nyarugusu inchini Tanzania, Nakivale inchini Uganda au Kiziba inchini Rwanda, kisha siku moja majina yao yakatoka kwenye orodha. Leo wako Louisville, Lexington, Boise, Phoenix. Wakipiga simu nyumbani wanaongelea baridi, kazi za usiku na bei ya nyumba. Halafu wanaongelea masomo ya watoto, na hapo watu wa huku wanasikia jambo la kushangaza kidogo. Mama asiyejua Kiingereza, aliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu ya vita, anapokea kwenye simu yake ujumbe wa mwalimu ulioandikwa kwa Kiswahili: mtoto hakufika leo, kuna tatizo gani? Mama anajibu kwa Kiswahili. Mwalimu, upande wake, anasoma jibu hilo kwa Kiingereza.

Wengi wakisikia hivyo wanasema tu kwamba Wazungu wana mashine. Mashine ipo, ni kweli. Lakini mashine ilikuja nyuma. Mbele yake kulikuwa barua moja ya serikali, kesi moja ya watoto wa Kichina, na miaka zaidi ya arobaini ya mabishano kuhusu swali hili: je, shule ina deni kwa mzazi asiyeelewa lugha yake? Bila kujua historia hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini mwaka 2025 jambo hili limeanza kutikisika, wakati simu zimekuwa nzuri kuliko wakati wowote.

Barua ya Mei 1970

Mwanzo wake ni Sheria ya Haki za Raia iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 2 Julai 1964. Sehemu ya sita ya sheria hiyo inasema kwamba mahali popote panapopokea pesa za serikali kuu, mtu asibaguliwe kwa sababu ya rangi, kabila au inchi ya asili yake. Shule za serikali zinapokea pesa hizo. Watu wengi waliisoma sheria hiyo wakiwafikiria Wamarekani weusi, na walikuwa na haki, kwa sababu ndio waliomwaga jasho na damu kuipata. Lakini maneno "inchi ya asili" yalikuwa yamelala pale ndani, yakingoja wenyewe.

Wenyewe walikuwa wengi. Kulikuwa watoto wa Wamexico kule Texas na California, watoto wa Puerto Rico kule New York, Wachina wa San Francisco. Waliketi darasani siku nzima bila kuelewa, na wazazi wao walipokea karatasi za Kiingereza wasizoweza kusoma. Wengine waliumia zaidi. Kule California watoto tisa wa asili ya Mexico walipimwa akili kwa Kiingereza, wakashindwa, wakapelekwa kwenye madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili. Hawakuwa na ulemavu wowote. Wazazi walikwenda kortini, na mwaka 1970 serikali ya jimbo ikakubali kwamba watoto kama hao wapimwe pia kwa lugha ya nyumbani.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Mei, ikatoka ile barua. Iliandikwa na J. Stanley Pottinger, mkuu wa ofisi ya haki za raia katika wizara ambayo wakati ule ilishika afya, elimu na maslahi ya jamii pamoja. Inafaa kujua kwamba Marekani shule haziongozwi na waziri aliye katika mji mkuu kama inavyofanyika Kinshasa. Kila eneo lina wilaya yake ya shule, yenye halmashauri yake na bajeti yake, na wilaya hizo ni maelfu. Pottinger aliwaandikia wale ambao shule zao zilikuwa na zaidi ya asilimia 5 ya watoto wa jamii ndogo zenye asili ya kigeni.

Barua ilikuwa fupi na yenye mambo manne. Mwanafunzi asiyejua Kiingereza asaidiwe. Asitupwe kwenye madarasa ya walemavu wa akili kwa sababu ya lugha tu. Asifungiwe kwenye kundi la wanaochelewa bila njia ya kutoka. La nne lilihusu wazazi: shule iwajulishe wazazi wa jamii hizo mambo yale yale inayowajulisha wazazi wengine, na ili taarifa hiyo itoshe, huenda ikabidi itolewe kwa lugha isiyo Kiingereza.

"Huenda ikabidi". Ni maneno ya mtu wa ofisi, yanayokwenda polepole. Lakini kabla ya hapo mzazi asiyejua lugha alihesabiwa kuwa ndiye mwenye kosa, ajifunze au anyamaze. Sasa karatasi ya serikali ilisema kwamba mzigo huo sehemu yake ni ya shule.

Kesi ya Kinney Lau

Barua bila nguvu ya korti ni karatasi. Nguvu hiyo ilitoka San Francisco. Mwaka 1970 familia za Wachina, zikisaidiwa na wakili kijana aitwaye Edward Steinman, zilishtaki wilaya ya shule ya mji huo. Jina lililowekwa mbele lilikuwa la mtoto Kinney Lau, aliyekuwa darasa la kwanza. Upande wa pili liliwekwa jina la Alan Nichols, kiongozi wa halmashauri ya shule, ndiyo maana kesi inaitwa Lau juu ya Nichols mpaka leo. Katika mji huo kulikuwa wanafunzi wapatao 2,800 wa asili ya Kichina wasiojua Kiingereza, na wapatao 1,800 kati yao hawakupata msaada wowote.

Wilaya ilijitetea kwa maneno ambayo mtu yeyote aliyepita shuleni huku ameyasikia: watoto wote wamepewa vitabu sawa, mwalimu sawa, darasa sawa, hakuna aliyebaguliwa. Korti ya kwanza ilikubali. Korti ya rufaa ikakubali pia. Wazazi wakaenda mpaka Korti Kuu, na tarehe 21 Januari 1974 waamuzi wote tisa wakawapa haki. William Douglas, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba hakuna usawa katika kumpa mtoto kitabu kile kile ikiwa haelewi lugha ya kitabu hicho, na akaitegemea waziwazi ile barua ya 1970. Mwezi Agosti mwaka huo bunge likatunga sheria nyingine, likizitaka shule zichukue hatua za kuondoa vizuizi vya lugha. Mwaka uliofuata, sheria ya watoto wenye ulemavu ikasema kwamba mzazi wa mtoto kama huyo aandikiwe kwa lugha yake, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa.

(Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1974, Mobutu alitangaza kwamba Zaire inachukua shule kutoka mikononi mwa makanisa. Mwaka 1977 ikabidi kuwarudishia uongozi wake.)

Karatasi ndani ya mfuko wa mtoto

Kushinda kesi ni jambo moja. Kumfikia mama aliye kiwandani saa za usiku ni jambo lingine, na hapa historia inakwenda polepole sana. Kwa miaka ishirini na zaidi, chombo cha shule kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa mtoto. Mjini ambako Wamexico walikuwa maelfu, shule ziliandika Kihispania. San Francisco waliandika Kichina. Lakini lugha iliyokuwa na familia kumi tu katika wilaya nzima, nani angelipa mtafsiri wa karatasi ya safari ya Ijumaa?

Kwa hiyo mtafsiri akawa mtoto mwenyewe. Sehemu hii haihitaji kuelezwa sana kwa msomaji wa Kivu, kwa sababu anaijua. Mtoto anajifunza lugha mbio kuliko wazazi. Miezi sita, naye ndiye anayeongea na daktari, na mwenye nyumba, na benki. Anapokuja mwalimu, mtoto anaketi katikati na kutafsiri habari zake mwenyewe. Mwalimu anasema: hajarudisha kazi ya hesabu wiki tatu. Mtoto anamwambia mama: anasema niko vizuri, niendelee hivyo. Mama anatabasamu, mwalimu anashangaa kwa nini mama anatabasamu. Watu wanacheka wakisimulia hayo, lakini hasara yake si ndogo. Mzazi anapoteza nafasi yake ndani ya nyumba. Mtoto wa miaka kumi na moja anabeba siri za familia, karatasi za korti, majibu ya hospitali, naye hajaomba kubeba. Na mtoto mwaminifu anaumia kuliko yule mwongo, maana anatafsiri kila kitu mpaka mwisho, hata maneno yenye kumshushia heshima baba yake.

Serikali kuu ilichukua muda mrefu kulisema jambo hili wazi. Mwezi Agosti 2000 Rais Bill Clinton alitia sahihi amri iliyoitaka kila ofisi ya serikali, na kila anayepokea pesa zake, aweke njia ya kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri. Sheria ya elimu iliyofuata mwaka 2002 ikasema kwamba taarifa kwa wazazi ziandikwe kwa namna inayoeleweka na, inapowezekana, kwa lugha wanayoielewa. Tarehe 7 Januari 2015 wizara za sheria na elimu zikaandika kwa pamoja barua ndefu kwa shule zote, zikieleza kwamba wanafunzi, ndugu zao na marafiki zao wasitumiwe kama watafsiri. Kutoka barua ya Pottinger mpaka hapo ni miaka arobaini na mitano.

Intaneti ilipofika, na waliobaki nje

Mwaka 1994 asilimia 35 ya shule za serikali za Marekani ndizo zilikuwa na intaneti. Mwaka 2000 zilifika asilimia 98. Haraka hiyo ilileta kitu kipya: ukurasa wa shule ambapo mzazi anaingia kwa neno la siri na kuona alama za mtoto, siku alizokosa, kazi alizosahau. Kampuni zikatajirika hapo.

Kwa mzazi mwenye ofisi na kompyuta ilikuwa baraka. Kwa mzazi wa jamii ndogo ilikuwa ukuta mpya juu ya ule wa zamani. Ukurasa ulitaka anwani ya barua pepe, neno la siri lenye herufi kubwa na namba, na Kiingereza. Kwa hiyo wale waliokuwa wakifuatilia tayari wakafuatilia zaidi, na wale waliokuwa mbali wakabaki mbali, isipokuwa sasa shule iliweza kusema: lakini tuliweka kila kitu pale. Ndilo kosa la vyombo vingi vya digitali mpaka leo. Vinamngoja mtu aje.

Simu ndogo ndiyo iliyogeuza mambo, kwa sababu ujumbe mfupi humfuata mtu mahali alipo. Mjini Los Angeles mtafiti Peter Bergman alifanya jaribio katika shule yenye familia za kipato kidogo, nyingi zikiwa zinaongea Kihispania. Wazazi wa kundi moja walipigiwa simu na kutumiwa ujumbe kila mara kuhusu kazi ambazo mtoto hakurudisha, kwa majina ya kazi zenyewe, kwa lugha yao. Wa kundi lingine waliachwa na njia za kawaida. Watoto wa kundi la kwanza walipanda alama. Jaribio lilionyesha pia kwamba wazazi wengi walikuwa wakifikiri watoto wao wanafanya vizuri kuliko ilivyokuwa kweli. Walipendezwa na masomo tangu zamani. Walichokosa ni habari.

Jaribio la pili linafurahisha zaidi, kwa sababu lilifanyika San Francisco, katika wilaya ile ile iliyoshtakiwa na familia ya Lau. Mwaka wa masomo wa 2013 hadi 2014, Benjamin York na Susanna Loeb wa chuo kikuu cha Stanford waliwatumia wazazi wa watoto wa miaka minne ujumbe mfupi mara tatu kwa wiki, kwa Kiingereza, Kihispania au Kichina. Ujumbe ulikuwa wa vitu vya nyumbani: unapomwogesha mtoto, mwonyeshe herufi kwenye chupa ya sabuni, mwambie azitaje. Hakuna kitabu cha kununua, hakuna kikao cha kuhudhuria. Mwisho wa mwaka watoto hao walikuwa wametangulia wenzao katika kujua herufi na sauti, na walimu walisema wazazi wao wanauliza maswali zaidi. Miaka arobaini baada ya hukumu, wilaya iliyokuwa imesema haina deni ilikuwa inamwandikia mama wa Kichina kwa Kichina, kwenye simu yake, mara tatu kwa wiki.

Upande wa tafsiri nao ulikuwa unakwenda. Google ilianzisha mashine yake ya kutafsiri mwaka 2006, na Kiswahili kikaingia mwaka 2009. Mwaka 2011 zilizaliwa programu mbili zilizoenea sana mashuleni: Remind, ya ndugu wawili wa Chicago, Brett na David Kopf, na ClassDojo, ya Waingereza Sam Chaudhary na Liam Don. Miaka michache baadaye ikaja TalkingPoints, isiyo ya kutafuta faida, iliyoanzishwa na Heejae Lim, mwanamke aliyezaliwa Korea na kukulia Uingereza kama mtoto mhamiaji. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jambo hili hasa. Mwalimu anaandika Kiingereza, mzazi anapokea ujumbe mfupi wa kawaida kwa lugha yake, hata kwenye simu isiyo na intaneti; anajibu, na jibu linageuzwa. Pale mashine inapoweza kukosea, watu wanaojitolea wanasaidia kusahihisha.

Kitu cha maana hapo ni jibu. Karatasi ndani ya mfuko haikuwa na njia ya kurudi. Ukurasa wa alama haukuwa na njia ya kurudi. Mama aliyeweza kuandika "mtoto halali usiku, anaota vita" alikuwa kwa mara ya kwanza anamwambia mwalimu kitu ambacho mwalimu hakukijua.

Wakongomani na Kiswahili cha mashine

Ndipo wakafika Wakongomani. Katika mwaka wa serikali wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi kuliko wa inchi nyingine yoyote mwaka huo, Syria ikiwa nyuma. Mwaka 2019 walikuwa karibu 13,000 kati ya wakimbizi 30,000 wote waliopokelewa. Shule ambazo hazikuwahi kusikia Kiswahili zilijikuta na mamia ya watoto wanaokiongea.

Kwa bahati, Kiswahili kilikuwa tayari ndani ya mashine. Kinyarwanda kiliingia kwenye ile ya Google mwaka 2020, Kilingala mwaka 2022. Mzee anayeongea Kifuliiru au Kibembe tu alibaki kumtegemea jirani. Na hata Kiswahili chenyewe kilikuwa na shida. Mashine ilijifunza kwenye magazeti na vitabu vya Tanzania na Kenya. Inamwandikia mama wa Fizi "karo", naye anajua "minervali". Inaandika "mwalimu mkuu", naye anamtafuta "direkta". Inaandika "likizo", naye angeelewa "vakansi". Wamarekani wanaita majira ya Septemba hadi Desemba kwa neno lile lile la kuanguka. Mashine ikiteleza, mapumziko mafupi ya Oktoba yanakuwa mapumziko ya kuanguka, na mzazi anabaki kujiuliza mtoto ameanguka wapi. Ikiandika vizuri, inaandika "vuli", neno ambalo huku Kivu halisemwi. Hayo ni madogo. Makubwa ni karatasi ya kumfukuza mtoto siku kumi, au ya kumweka kwenye mafunzo ya pekee. Karatasi kama hizo hazifai kuachiwa mashine peke yake, hata kama ni ya bure na mkalimani anaomba dola.

Kuna pia wazazi wasiosoma lugha yoyote. Kwao ujumbe wa maandishi, hata wa Kiswahili safi, unaishia mikononi mwa mtoto yule yule. Sauti ndiyo iliyowasaidia. WhatsApp iliweka njia ya kutuma sauti mwezi Agosti 2013, na katika familia za Wakongomani, huku na kule, sauti imekuwa barua ya kila siku. Shule nyingi za kule hazipendi WhatsApp kwa sababu ya ulinzi wa habari za watoto, na wasiwasi huo si wa bure: mwisho wa 2024 wezi wa mtandaoni waliingia ndani ya PowerSchool, moja ya programu kubwa za alama, na habari za mamilioni ya wanafunzi zikachukuliwa. Lakini mama asiyesoma anahitaji kusikia, na programu nyingi za shule bado zinafikiri mtu wa kusoma.

Jambo la mwisho hakuna programu inayolitafsiri. Huku Kongo, kwa miaka mingi, mzazi aliitwa shuleni kwa sababu mbili: mtoto amefanya makosa, au pesa hazijalipwa. Tangu walimu walipoanza kulipwa na wazazi katika miaka ya 1990, wakati serikali iliposhindwa, mlango wa direkta ulikuwa mlango wa deni. Mtu aliyekulia hapo, simu ikilia na jina la shule, moyo unaruka. Kule mwalimu anaandika kuuliza tu mzazi anaonaje maendeleo ya mtoto. Mzazi anajibu "asante sana mwalimu" na kufunga, kwa heshima, kwa sababu kwake mwalimu ndiye anayejua. Mwalimu naye anaandika kwamba mzazi hafuatilii. Maneno yote yametafsiriwa sawa, na bado hawajaelewana. Ndiyo maana wilaya zilizofanya vizuri ziliajiri watu wa jamii yenyewe, Mkongomani aliyetangulia, anayejua kumpigia mama na kumwuliza kwanza habari za nyumbani kabla ya kuongelea hesabu.

Mwaka 2020 uliipima mifumo yote hii kwa siku moja. Mwezi Machi shule zilifungwa Marekani na Kongo karibu wiki ile ile. Huku, masomo yalipita redioni, na mwenye redio alisikiliza, mwenye betri iliyokufa alikosa. Kule yalipita kwenye kompyuta, na mzazi aliyekuwa hajawahi kufungua ukurasa wa shule alitakiwa kuufungua kila asubuhi, kwa watoto wanne, kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha nyama. Wilaya zilizokuwa tayari zinawaandikia wazazi kwa lugha zao ziliwapata haraka. Zingine zilitafuta namba za simu kwa majuma.

Mwaka 2025

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, ianze tarehe 27. Tarehe 27 Januari ndiyo siku M23 walipotangaza kuuchukua mji wa Goma. Familia zilizokuwa zimebeba virago kutoka Sake na Kanyaruchinya hazikuwa na habari ya amri hiyo, lakini ndugu zao waliokuwa kwenye orodha Nyarugusu na Nakivale walikuwa nayo.

Tarehe 1 Machi ikafuata amri nyingine: Kiingereza kimekuwa lugha rasmi ya Marekani, na ile amri ya Clinton ya mwaka 2000 imefutwa. Mwezi Agosti barua ya 2015, iliyokataza kuwatumia watoto kama watafsiri, ikaondolewa. Hakuna programu iliyozimwa siku hiyo. Ujumbe wa Kiswahili uliendelea kufika. Kilichobadilika ni kwamba wilaya inayotaka kuacha, au inayotafuta pesa za kukata, sasa haioni mkono wa Washington ukiinyooshea kidole. Mashine inaweza kubaki na mkalimani akafukuzwa, maana mkalimani ndiye mwenye mshahara.

Wenye ndugu kule wawaambie lakini kwamba sheria ya 1964 haikufutwa. Hukumu ya Lau haikufutwa. Sheria ya bunge ya Agosti 1974 ipo, na sheria ya elimu bado inataka wazazi waandikiwe kwa lugha wanayoielewa inapowezekana. Amri ya rais haiwezi kuvunja hayo peke yake. Mzazi bado anaweza kuomba mkalimani bila kulipa, na kukataa mtoto wake asitafsiri kikao chake mwenyewe. Hasa kwenye karatasi za adhabu na za mafunzo ya pekee, asitie sahihi kabla ya kuelewa.

Huku nyumbani, Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Hilo la bure lilianza kutumika Septemba 2019, na tangu hapo sababu moja ya kumwogopa direkta imepungua, angalau kwenye karatasi. Shule nyingi za mjini zina kundi la WhatsApp la wazazi, linalosikika kwa aliye na mega. Kominike za redio bado zinafika mbali kuliko kundi lolote, hasa kwa familia zilizohama na ambazo direkta wao hajulikani alipo. Yote mawili yanaongea Kiswahili bila aibu. Ila buletini, karatasi yenyewe yenye alama na maelezo ya mwalimu, inaandikwa kwa Kifaransa, na katika nyumba nyingi za Kivu mtoto ndiye anayeisoma mbele ya mama yake.